Maswali na Majibu: Kizimba cha Kioo cha Tarantula Kilichozidi Kimo

SWALI: Ninafuga tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, jike aliyekomaa wa spishi ya Tliltocatl albopilosus, ambaye miguu yake ikinyooshwa hufikia upana wa sentimita 14 hivi. Kopo la plastiki analoishi limekuwa dogo kwake, nami nataka kumjengea kizimba kwa mikono yangu. Nimeshanunua vioo vyenye unene wa milimita 5: vipande vinne vya sentimita 60 kwa 30, na kimoja cha 30 kwa 30 kitakachokuwa sakafu. Nimekusudia kizimba kisimame wima, kimo chake kiwe sentimita 60, ili apate nafasi ya kupanda. Juu nitafunika kwa wavu wa waya, na juu ya wavu nitaweka taa ya joto. Je, gundi ipi inafaa kuunganishia vioo, na ninaweza kutumia ubao wa plaiwudi upande wa nyuma badala ya kioo?

JIBU: Vioo ulivyonunua vinafaa na karibu vyote vitatumika, ila kabla hujagusa gundi ninakuomba ukilaze kizimba hicho ubavu. Mchoro wako ungefaa kwa buibui wanaoishi juu ya miti, kama wale wa jenasi ya Avicularia, ambao huhitaji kimo kuliko sakafu. Wako ni wa ardhini. Kwao Amerika ya Kati hukaa katika mashimo na chini ya mizizi, na akionekana akipanda ukuta wa kioo usiku, huwa anazunguka tu mipaka ya mahali alipo, wala si ishara kwamba amekosa mti.

Hatari iko katika kuanguka. Tumbo la tarantula ni mfuko wa ngozi laini uliojaa umajimaji, usio na mfupa wala gamba gumu la kuukinga. Zaidi ya hayo, katika vifundo vikuu vya miguu yake anayo misuli ya kukunja lakini hana ya kunyoosha. Hunyoosha mguu kwa kusukuma damu ndani yake, kama vile bomba la mpira linavyokakamaa maji yanapofunguliwa. Kwa hiyo tumbo likipasuka, hata kwa ufa mdogo, anapoteza damu na pia nguvu inayomwezesha kusimama. Nimeletewa zaidi ya mara moja buibui aliyekunja miguu yote chini ya mwili, mwenyewe akidhani ameugua, kumbe ameanguka usiku kutoka kwenye kifuniko hadi juu ya jiwe la mapambo.

Vipimo, basi, vitoke kwa buibui mwenyewe. Kwa wa ardhini, urefu wa sakafu uwe angalau mara tatu ya upana wa miguu, upana wa sakafu mara mbili, na nafasi kutoka uso wa udongo hadi kifuniko isizidi mara moja na nusu. Kwa buibui wako wa sentimita 14 tunapata sakafu isiyopungua 42 kwa 28, na nafasi ya juu isiyozidi 21. Kizimba chako kikilazwa kitakuwa na sakafu ya 60 kwa 30 na kuta za 30. Ukijaza udongo wa sentimita 12 zitabaki 18, nazo zinatosha kabisa. Wapo wanaojaza udongo kidogo ili kizimba kionekane kikubwa. Hao hulipia uzuri huo kwa kuongeza kimo cha kuanguka.

Kipande kimoja cha 60 kwa 30 kiwe sakafu, na viwili visimame juu ya sakafu hiyo vikiwa ukuta wa mbele na wa nyuma. Cha nne kikate upate kuta mbili za ncha. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kukata sentimita 30 kamili huku wakisahau unene wa kioo: kuta za mbele na nyuma zimeshakula milimita 5 kila moja, kwa hiyo nafasi iliyobaki baina yao ni sentimita 29, na silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, nayo inahitaji milimita moja kila upande. Kata upana wa sentimita 28.8. Kimo cha kuta hizo za ncha kiwe sentimita 25 tu, si 30, kwa sababu nitakazoeleza hivi punde. Kingo zote zisugue kwa msasa uliolowa maji mpaka zisikate tena kidole. Kile kioo cha 30 kwa 30 kiweke akiba. Ukikata vibaya ndicho kitakachokuokoa.

Zile sentimita 5 zilizoachwa wazi juu ya kila ncha ni madirisha ya hewa. Tarantula hupumua kwa mapafu yenye tabaka nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, na hewa iliyotuama yenye unyevu mwingi humdhuru kuliko ukavu wa kiasi. Hewa ikiingia ncha moja na kutokea ya pili, hupita kizimba kizima. Lakini usitumie wavu wa waya uliofumwa, iwe kwenye madirisha hayo au juu kama ulivyokusudia. Ncha ya kila mguu wa tarantula ina kucha ndogo zinazonasa katika nyuzi za wavu. Akitembea kichwa chini kwenye kifuniko na kucha ikanasa, atavuta mpaka mguu ukatike au aanguke. Wavu wa plastiki nao si kinga, kwa kuwa meno yake huweza kuutoboa. Tafuta bati la alumini lenye matundu ya mviringo yaliyopigwa kiwandani, ya milimita 2, kisha kata kanda mbili za sentimita 30 kwa 7. Kila ukanda ubandike kwa nje, ukiegemea kingo za kuta ndefu na kushuka sentimita 2 juu ya kioo cha ncha. Ukingo wowote mkali ukunje kuelekea nje.

Sasa gundi. Tumia silikoni tupu, ile ambayo inapokauka hunuka kama siki. Epuka silikoni iliyotengenezwa kwa bafu na jikoni yenye maandishi kwamba inazuia ukungu, kwa sababu dawa iliyotiwa ndani yake huweza kumdhuru mnyama aishiye humo. Futa kingo zote kwa spiriti na usiziguse tena kwa vidole. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za kiungo, minya silikoni mstari mmoja bila kukatiza, simamisha kioo, kisha lainisha kwa kidole na ung'oe utepe kabla silikoni haijashika. Anza na ukuta wa nyuma, fuatisha ncha mbili, maliza na wa mbele, huku ukifunga yote kwa utepe ili kona zibaki mraba. Baada ya siku mbili kiungo huonekana kimekauka, lakini ndani bado. Kiache wazi penye hewa kwa wiki nzima, halafu kipime hivi: kifunike usiku kucha, na asubuhi inua kifuniko kidogo uingize pua. Ukisikia siki hata kwa mbali, ongeza siku tatu na upime tena.

Plaiwudi siishauri. Hunyonya unyevu wa udongo, huvimba, huota ukungu, na mara nyingi ina gundi au dawa ya wadudu, ambayo kwa buibui ni sumu waziwazi. Ukipenda mandhari ya nyuma, bandika picha au karatasi nyeusi upande wa nje wa kioo.

Kifuniko kiwe cha akriliki, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, ya milimita 5. Kioo cha ukubwa huo kina uzito wa kilo 2 na ushee, na kikikuponyoka wakati wa kulisha hutapata nafasi ya pili. Akriliki, hata hivyo, hunyonya unyevu upande wa chini na kupinda taratibu, hivyo igawe vipande viwili vya sentimita 30 vilivyounganishwa kwa bawaba katikati. Kama utaongeza matundu, bandika utepe juu ya mstari wa kutoboa, weka ubao chini, tumia drili kwa mwendo wa polepole, na usiegemee kwa nguvu. Akriliki hupasuka pale ambapo ncha ya drili inatokea upande wa pili. Silikoni haishiki vizuri kwenye akriliki, kwa hiyo usiitegemee kufunga kifuniko. Mimi huzungushia kizimba chote mkanda mpana wenye kifungo. Si mapambo, lakini tarantula mzima ana nguvu ya kusukuma kifuniko kisichofungwa, na nafasi inayopitisha sehemu ngumu ya mbele ya mwili wake hupitisha mwili wote, kwani tumbo hubonyea.

Kuhusu taa, iache dukani. Nyuzi joto 21 hadi 28 za Selsiasi zinamtosha, na chumba ambacho wewe umekaa kwa starehe ukiwa na shati jepesi kwa kawaida kiko ndani ya kiwango hicho. Taa humkausha pamoja na udongo wake. Pedi ya joto chini ya sakafu ni mbaya zaidi, kwani buibui akiona joto hujichimbia ili apoe, na huko chini ndiko atakakokutana nalo. Mahali penye baridi kweli, pasha chumba chenyewe.

Kwa udongo, changanya vumbi la makumbi ya nazi na udongo wa kawaida usiowekwa mbolea wala dawa. Utahitaji lita 20 hivi. Vumbi la mbao lenye harufu, kokoto na mchanga mtupu havifai. Lowanisha kiasi kwamba ukifumba konzi kwenye ngumi ibaki donge lakini isidondoshe tone, kisha shindilia kwa kiganja tabaka baada ya tabaka. Udongo uliomwagwa tu bila kushindiliwa utamwangukia akichimba. Laza kipande cha gome au nusu ya kifuu upande mmoja, na chini yake anzisha shimo kwa kidole kwa mshazari kuelekea kioo cha mbele. Akikubali kuliendeleza utaweza kumwona akiwa ndani. Baadaye uache uso wa udongo ukauke, na mara moja moja mimina maji polepole katika kona moja ili tabaka la chini libaki na unyevu. Kisahani cha maji kiwe kipana na kifupi, bila sifongo, ambayo hugeuka kuwa kiota cha bakteria.

Siku ya kumhamisha vaa glavu na usijiguse machoni, kwa sababu spishi hii hurusha vinyweleo vya tumboni vinavyowasha vibaya. Mfunike kwa kikombe cha plastiki, telezesha kadibodi chini yake, mweke karibu na gome, na umwache atoke mwenyewe. Iwapo amekataa chakula na tumbo limeiva weusi na kung'aa, huenda anakaribia kujivua gamba. Ahirisha hadi meno mapya yageuke meusi. Katika makazi mapya anaweza kukaa ukutani kwa siku kadhaa, miguu imefika juu kabisa, kana kwamba anataka kutoka. Usimshushe. Jaribu kumpa nyenje mmoja baada ya wiki, na asipomla mpaka kesho yake, mtoe.