Kabla ya kulinda chaguo la siri, jifunzeni kulichakachua

Mnaoingia sasa kwenye kriptografia ya kwantamu, yaani ulinzi wa siri kwa kutumia fizikia ya kwantamu, mtakutana mapema na itifaki za kujifunga kwa chaguo la siri. Mtumaji anachagua 0 au 1, anampa mpokeaji ushahidi, baadaye analifichua. Mpokeaji asilijue mapema, mtumaji asiligeuze. Ushauri wangu: anzeni na udanganyifu.

Chukueni karatasi, mfuate wazo lililomo katika kazi ya Bennett na Brassard ya 1984. Kwa 0, kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inatumwa ikitetema wima au mlalo, kwa bahati nasibu. Kwa 1, inatumwa kwenye mshazari mmojawapo kati ya miwili. Kokotoeni matriki ya densiti upande wa mpokeaji, yaani jedwali la yote anayoweza kuyajua kwa kupima fotoni alizopokea: ni ileile kwa machaguo yote mawili, kwa hiyo hana cha kusoma. Wengi huridhika hapo. Nyinyi endeleeni. Mtumaji mjanja hutengeneza jozi za fotoni zenye mfungamano, yaani zilizounganika hivi kwamba majibu ya vipimo vyake yanahusiana, akatuma moja ya kila jozi na kubaki na mwenzake bila kuipima. Wakati wa kufichua ndipo anaamua apime kwa wima na mlalo au kwa mishazari, na kila fotoni ambayo mpokeaji aliipima kwa namna hiyohiyo, majibu yao yataoana. Bennett na Brassard wenyewe waliliona hilo. Fanyeni hesabu hiyo kwa mkono, kwa jozi moja tu, mpaka mwone kwamba kinachoificha siri kikamilifu ndicho kinachompa mtumaji uhuru wa kuigeuza.

Baada ya hapo, uthibitisho wa Mayers, na ule wa Lo na Chau, iliyochapishwa 1997, haitawatisha: kwantamu peke yake haiwezi kutimiza masharti yote mawili. Mwaka 1993 mabingwa wa fani hii walikuwa wametangaza itifaki waliyoiamini kuwa salama, nayo ikaanguka kwa hoja hiyohiyo.

Kwa hiyo mkisoma dai la usalama, tafuteni dhana inayolibeba. Kent, mtafiti mwingine wa fani hii, anategemea kwamba hakuna ujumbe unaoipita kasi ya mwanga; naipenda sana njia hiyo, ingawa inadai mawakala wa kila upande wakae mbalimbali na saa zao zilingane barabara. Damgård na wenzake wanachukulia kwamba kumbukumbu ya kwantamu ya mdanganyifu, yaani uwezo wake wa kuhifadhi fotoni bila kuzipima, ina kikomo. Msiidharau dhana hii: ili adanganye, lazima awe na kumbukumbu inayozidi kikomo hicho wakati itifaki inaendeshwa, na atakayoipata kesho haitamsaidia kuvunja ya leo.