Barua kwa mwanangu: Sabato moja chini ya mti

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo asubuhi nikaurudia. Unasema Jumamosi, Sabato yetu, ndiyo siku inayokuchosha kuliko zote: alfajiri uko kanisani unafunga spika, mchana mazoezi ya kwaya, jioni kikao cha kamati, na jua likizama bado unakunja nyaya. Ndipo ukauliza: "Mama, Sabato moja nikienda zangu msitu wa Karura, nikae chini ya mti bila kumsemesha mtu, nitakuwa nimeivunja?"

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina mambo yake.

Kwanza, hujazua jambo geni. Soma Matendo 16. Paulo na wenzake walipokuwa Filipi, siku ya Sabato walitoka nje ya lango la mji wakaenda kando ya mto, wakaketi wakazungumza na wanawake waliokusanyika pale. Lidia, yule muuza rangi ya zambarau, aliamini hapo hapo mtoni. Na wale wanafunzi waliolaumiwa kwa kuvunja masuke, walikuwa wakipita mashambani na Bwana wao siku ya Sabato. Lakini Luka 4 nayo ipo: kuingia sinagogi siku hiyo ilikuwa desturi ya Yesu. Kwa hiyo usije ukanitaja mbele ya mzee wa kanisa eti mama kasema miti inatosha.

Nyinyi mlipokuwa watoto mlidhani nilikuwa nikiwapeleka Mama Ngina, kule ufukweni Mombasa, kupunga upepo tu. Sabato yetu ya kule mibuyuni ilianzia sokoni, Ijumaa. Pale Kongowea Jumamosi ni siku ya pesa, wenye hoteli na vibanda wanajaza bidhaa zao. Mimi Ijumaa saa tisa nilikuwa nishaanza kufunika nyanya. Yule jirani yangu wa vitunguu, Mwislamu, nilimwangalizia meza yake akienda kuswali Ijumaa, naye Jumamosi akaangalia yangu. Kwa wema wake alitaka aniuzie kabisa. Nilimwambia alinde tu, asiuze. Amri ya nne inamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango yako, basi nitapumzikaje mimi huku mwenzangu anapima kilo zangu, halafu usiku nikahesabu hela? Akacheka: "Mama, mimi nafunga kwa muda wa saa mbili, wewe wafunga kutwa, watoto watakula nini?" Mlikula.

Nyumbani nguo zimepigwa pasi, chapati zimo kwenye hotipoti, deni la maziwa limelipwa. Sabato huanza Ijumaa jua likitua, na jua la kwetu halina vituko. Mwaka mzima linatua takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kwa hiyo mtu hana kisingizio cha kusema limemshtukiza.

Kesho yake tukitoka ibadani tulishuka kwa miguu mpaka Mama Ngina. Siku hizo hakukuwa na hizi ngazi na kuta nzuri walizojenga 2019, ilikuwa ni mibuyu, mawe na bahari. Na mihogo, bila shaka. Ule mhogo wa kukaanga, unapasuliwa katikati, unakamuliwa ndimu, unatiwa pilipili, na moshi wa karai unakuja moja kwa moja puani mwa mtoto ambaye mamake hanunui kitu Sabato. Muuzaji alituzoea, akasema, "Chukueni, mtalipa kesho." Nikakataa. Kununua kwa deni ni kununua tu. Dada yako alininunia mpaka magharibi, na sikumlaumu, maana hata mimi mate yalinijaa.

Sasa nikuambie nilichokifuata pale. Siku sita nilikuwa mtu wa kuulizwa: nyanya bei gani, punguza, nipe chenji, gunia limefika? Usiku nikilala nahisi nisipoamka soko halifunguki. Lakini ukikaa pale juu ya mlango wa Kilindini, meli ya makontena inapita karibu hata unasoma jina lake, na hakuna aliyekuuliza ipite au isipite. Maji nayo vivyo hivyo. Kila siku yanachelewa kujaa kwa kama dakika hamsini, kwa hiyo kwa wiki yanasogea karibu saa sita. Ndiyo maana Sabato moja mlikuta yamejaa mawimbi yanapiga mwamba, na Sabato iliyofuata, saa ile ile, yamekupwa mkaona kaa wanakimbia kwenye majabali. Wewe ulikuwa ukinidai maji kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha. Mimi ndicho nilichokipenda hicho: mahali ambapo hakuna kinachoningoja. Mikono ilikuwa imeshaacha kazi tangu Ijumaa, ila kichwa kilihitaji kuonyeshwa kwamba dunia inakwenda bila mimi.

Wewe unachokosa ni hicho, maana hata kanisani unangojwa. Ibada haianzi mpaka ubonyeze swichi. Sikulaumu kwa kazi hiyo. Mathayo 12 inasema makuhani walifanya kazi hekaluni siku ya Sabato na hawakuwa na hatia. Ila makuhani walikuwa na zamu, baba. Soma 1 Nyakati 24, walikuwa zamu ishirini na nne. Hata Zakaria, babake Yohana, malaika alimkuta hekaluni kwa sababu ilikuwa zamu yake. Nyinyi kanisa zima mna zamu moja, nayo ni wewe. Chukua vijana wawili, wafundishe ile mitambo. Watakwaruza masikio ya watu Sabato mbili tatu, washiriki watavumilia.

Karura nenda. Profesa Wangari Maathai alipigwa pale Januari 1999 akiutetea msitu ule usigawanywe viwanja, kwa hiyo kaa chini ya mti wako kwa heshima. Simu iache nyumbani, maana ukienda nayo utapiga picha, na ukipiga picha utataka kujua nani ameiona. Mara ya kwanza nenda peke yako, umechoka na watu, naelewa. Ya pili, mchukue mtu ambaye naye hapumziki. Kuhusu ada ya getini, kama inawezekana lipa Ijumaa. Kama haiwezekani, Nairobi haikosi mti usio na geti.

Kiongozi wa kwaya mwambie katikati ya wiki, usimvizie Sabato asubuhi. Na maembe nimeyapakia kwenye basi la usiku, yaliyo juu yameiva, ya chini yafunike na gazeti.

Mama yako