Funguo zilizoanza na ffffffff

Usiku ule mtaani kwetu Katuba hakukuwa na umeme tangu saa moja, na laptopu ilikuwa imebakiwa na betri kidogo. Mdogo wangu alikuwa anacheza sataranji na programu niliyoiandika kwa C. Ilikuwa imeshamkaba, kisha ghafla ikamwachia malkia bure. Akacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "mashini yako imelewa?"

Nilijua jambo moja tu: nikizima jedwali la hashi, ulevi unaisha. Hilo ni kumbukumbu ya mipangilio ya ubao iliyokwisha kuchambuliwa, kila mmoja ukitambuliwa kwa namba iitwayo ufunguo. Hata hivyo nilipoteza wiki mbili nikichokonoa sehemu inayotafuta hatua, kwa sababu ndiyo niliyoiogopa. Wewe usifanye hivyo. Chapa funguo zako zote uzitazame kwa macho kabla ya kugusa kitu kingine.

Mbinu yenyewe ni ya Albert Zobrist, tangu 1970. Kila kipande kwenye kila mraba hupewa ufunguo wake, namba ya bahati nasibu ya biti 64, na hizo zikiunganishwa kwa XOR (biti zinazofanana hutoa 0, zinazotofautiana 1) unapata ufunguo wa ubao mzima. Vipande 12 mara miraba 64 ni 768. Ongeza 1 ya zamu, 4 za haki za roki (mfalme na ngome kuhama pamoja) na 8 za safu za kula askari anayepita (en passant), unapata 781. Kipande kikihama, unaitoa namba ya mraba wa zamani kwa XOR na kuitia ya mraba mpya.

Mimi nilikuwa nazichapa kwa %d, alama ya C ya kuchapa int (namba nzima ya biti 32), ambayo haifai kabisa kwa biti 64. Kilichotoka ni nusu ya chini tu, na nusu hiyo ilipendeza. Usiku ule nikachapa tarakimu zote 16 za heksadesimali (0 hadi 9, kisha a hadi f):

ffffffff9c41e07b
3a7d10c25b08f6e4
ffffffffd2205a11

Karibu nusu ya funguo zilianza na ffffffff. Zilizobaki zilianza na 0 hadi 7. Hakuna hata mmoja ulioanza na 8 au 9 au a. Bahati nasibu gani hiyo? Mstari uliozizaa ni huu:

(uint64_t)rand() << 32 | rand() << 16 ^ rand()

Nilidhani ule uint64_t wa mwanzo (aina ya namba ya biti 64 isiyo na hasi) unalinda mstari mzima. Haulindi. Kwenye Linux yangu rand, kizalishaji cha namba nasibu cha C, hutoa int yenye biti 31 za nasibu. Ukiisukuma int hiyo kushoto mara 16, inafurika na mara nyingi inageuka hasi (kwa sheria za C, hapo kompaila, programu inayotafsiri msimbo, ina ruhusa ya kufanya lolote). Int hasi ikipanuliwa kuwa biti 64, alama yake ya hasi hujaza nusu yote ya juu kwa moja tupu. Kisha OR (ile | ya kwenye mstari, inayoweka 1 popote penye 1) inafuta kila kilichokuwa kule.

Sasa tazama madhara. Jedwali langu lilichagua nafasi kwa biti 20 za chini na kuhakiki kwa 32 za juu. Kipande kikitoka mraba wenye ufunguo mgonjwa kwenda mwingine mgonjwa, ffffffff mara mbili kwa XOR ni sifuri: kuhama huko hakubadilishi nusu ya juu hata kidogo. Mipangilio miwili tofauti ya ubao ikikutana kwenye nafasi moja, mhakiki anaiona kuwa mmoja. Malkia wangu alikwenda hivyo.

Siku hizi kila namba inayogusa ufunguo ni uint64_t, na natumia kizalishaji changu cha namba nasibu, cha aina ya xorshift, chenye mbegu (namba ya kuanzia) isiyobadilika, ili kosa likitokea leo litokee na kesho. Kuuwakilisha mraba sq kwa biti moja naandika 1ULL << sq. ULL huifanya 1 kuwa ya biti 64; 1 peke yake ni int, na sq (ikihesabiwa kuanzia 0) ikifika 31 umepotea. Usitegemee aina ya namba iitwayo long pia: kwenye Windows ina biti 32, na kompaila ya Microsoft ina rand isiyozidi 32767. Ningekompaili kwa -Wconversion na -fsanitize=undefined, zinazowasha maonyo na ukaguzi wa kompaila, mstari wangu ule ungelalamikiwa siku ya kwanza. Mimi maonyo nilikuwa nimeyazima, yalinisumbua.

Na baada ya kila hatua, wakati wa majaribio, kokotoa ufunguo upya kutoka kwenye ubao mtupu uulinganishe na ule wa XOR. Kipimo hiki hakikunasa kosa langu, kwa kuwa funguo mbovu hujumlishwa vilevile pande zote mbili, lakini kimenasa roki niliyoisahau.

Betri ilipofika asilimia 6 nikahesabu njia zote za hatua 6 kutoka mwanzo wa mchezo, jedwali likiwa limewashwa. 119,060,324, ndiyo yenyewe, idadi inayojulikana kuwa sahihi. Nikaita, lakini mdogo wangu alikuwa ameshalala.