Jibu ninalo, lakini nikiulizwa Kiingereza kinayeyuka

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Kampala. Nimekulia Arua, nyumbani Kilugbara, mtaani Kiswahili. Kazi za kuandika napata alama nzuri, ila mhadhiri akiniuliza darasani, Kiingereza chote kinayeyuka. Je, nirudie sarufi?

Jibu: Marahaba. Sarufi iache. Anayeandika vizuri sarufi anayo. Kinachokukwamisha ni kazi mbili kwa mpigo: unatunga sentensi, na papo hapo unachungulia nani anacheka. Nafasi ya kushikilia maneno kichwani ni finyu. Hofu ikiingia, maneno hupotea. Ukiandika, hakuna anayekutazama.

Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wawili, huko Marekani, walitunga dodoso la kauli 33 la kupima hofu hii. Waliihusisha na mambo matatu: woga wa kuzungumza, hofu ya mtihani, na kuogopa kuhukumiwa na watu. Wewe, kwa ulivyoeleza, ni hilo la tatu. Wala halikuanzia chuoni. Wengi wetu Uganda tulivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani shuleni, na ukiteleza kwenye Kiingereza, darasa zima kicheko. Mimi nilikivaa kwa neno moja tu: "ngoja".

Basi usisubiri sentensi iliyonyooka. Sema kitu mapema, dakika kumi za mwanzo, hata swali fupi uliloliandaa usiku. Ukikawia, moyo unazidi kudunda na zamu inazidi kutisha. Kwenye daftari andika maneno matatu ya kukuongoza, si sentensi nzima, maana ukiikariri, neno moja likipotea umekwama. Na hoja ngumu ijadili kwanza na jirani yako kwa Kiswahili. Wapo watakaokukataza. Mimi sioni kosa: kufikiri ni kazi moja, kutafsiri ni nyingine, zitenganishe.

Mfuate pia mhadhiri ofisini, umwombe akupe muda kidogo akikuuliza. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema.

Akikwambia "rudia", usidhani umekosea. Sauti ya mwenye hofu huwa ya chini, pengine hakusikia. Rudia maneno yale yale, kwa sauti zaidi.