Umepima ukilinganisha na nini?

Mara ya kwanza kuhudhuria mkutano wa Electrochemical Society, chama cha wanasayansi wa elektrokemia (kemia inayohusu umeme), kule Marekani, nilivaa koti la kuazima na kubeba bango langu kwenye bomba la plastiki kama mtu aendaye kuvua. Utafiti wangu ulikuwa wa kutu: chuma kinavyoliwa kwenye maji ya chumvi. Nimekulia Tanga, nyumba ambayo mabati yake yalibadilishwa kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, kwa hiyo nilijiona mwenyeji wa mada.

Akaja mzee mmoja, shati la mikono mifupi, glasi ya soda mkononi. Alilisogelea bango mpaka pua ikataka kugusa karatasi, akaweka kidole kwenye mhimili wa mchoro. "Hapa umeandika volti. Umepima ukilinganisha na nini?"

Sikuwa nimeandika. Maabara kwetu kila mtu alijua tunatumia elektrodi rejea, yaani ile ya kulinganishia volti, ya fedha na kloridi ya fedha, nikaona hakuna haja. Lakini elektrodi hiyo, ikijazwa kloridi ya potasiamu iliyokolea kabisa, inapishana na ile ya haidrojeni ya kawaida, inayohesabiwa kuwa sifuri, kwa karibu volti 0.2. Kwenye kutu hiyo si tofauti ya kufumbia macho. Inaweza kuwatenganisha chuma kilichotulia na chuma kinachotobolewa vitundu. Nilichomoa kalamu nikaandika palepale, mzee amesimama, jasho linanitoka. Kesho yake nikamwona meza ya mbele: ndiye aliyekuwa akiongoza kikao chetu.

Basi wewe unayeanza shahada ya uzamili au ya uzamivu kwenye fani hii, andika elektrodi rejea kwenye kila mhimili. Andika na pH (kipimo cha uasidi), halijoto, eneo la elektrodi. Mengine nitakayosema unaweza kuyasahau, hilo usilisahau.

Sasa kuhusu chama chenyewe. Wengi wetu hujiunga ili jina likae kwenye wasifu, tukalipa ada ya mwanafunzi, basi. Nami nilikuwa hivyo. Nilidhani viongozi wa chama ni watu wa ofisini, kumbe ni wahadhiri na watu wa viwandani wanaojitolea, halafu Jumatatu wanarudi kusahihisha mitihani. Chama kilianzishwa Philadelphia mwaka 1902, zama ambazo umeme ulikuwa umeanza kuzaa bidhaa. Hata sufuria ya alumini unayosongea ugali imepitia njia ya umeme iliyogunduliwa mwaka 1886. Rais wa kwanza alikuwa Joseph W. Richards, profesa wa metali. Kinachonivutia kwake ni alichofanya baada ya urais: alikuja kukaa kiti cha katibu, akakifanyia kazi miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1921. Kwetu mtu akishakuwa mwenyekiti, nani atamrudisha kwenye kuandika muhtasari wa kikao? Aliyempokea, Colin Fink, aliyefanya kazi kubwa ya kupaka vyuma kromiamu inayong'aa, naye alikuwa amekwisha kuwa rais, na ukatibu aliushika mpaka miaka ya 1940.

Orodha ya marais ina watu ambao kazi zao umezishika bila kujua. Leo Baekeland, mwenye ile plastiki ngumu ya swichi nyeusi za zamani, aliongoza mwaka 1909. Mwanamke wa kwanza, Joan Berkowitz, alichaguliwa baada ya miaka zaidi ya 70, mwaka 1979, walichelewa mno. Baadaye akaja Esther Takeuchi, ambaye betri zake zimo ndani ya vifaa vinavyopandikizwa kifuani kushtua moyo.

Kwa desturi kiongozi huanza kama makamu wa tatu wa rais, akapanda mpaka urais wa mwaka mmoja. Lakini huko ni juu. Wewe anzia kwenye kitengo: betri, kutu, upakaji metali na vinginevyo. Kila kitengo hukaa kikao chake wakati wa mkutano, na wanafunzi hukikwepa wakiona hakiwahusu. Ingia. Nilipoingia cha kwangu walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaonesha wasemaji muda, nikanyoosha mkono. Siku nzima nilikaa mstari wa mbele na vikaratasi vya "dakika 5" na "dakika 1". Nikaona wakubwa wanavyobanwa na maswali, na jinsi aliyebobea anavyosema "sijapima hilo" bila kutetemeka. Jioni watu watatu walikuwa wanalijua jina langu, mmoja wao akanieleza misaada ya nauli ambayo vitengo huwapa wanafunzi. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya mkutano. Mimi nilikuwa nimejilipia, na nikala mikate mitupu wiki mbili.

Kama unatokea Dar au Nairobi, omba barua ya mwaliko siku ileile muhtasari wa utafiti wako unapokubaliwa, maana foleni ya viza haijui elektrodi. Safari ya Marekani ikiwa ngumu, kuna International Society of Electrochemistry, yenye makao Lausanne, Uswisi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1949. Mikutano yake ya mwaka huzunguka nchi mbalimbali.

Mwaka uliofuata yule mzee alipita tena kwenye bango langu. Alitazama mhimili kwanza, akaguna, akashuka kwenye mchoro wa pili. "Na oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, uliipima?"

Nikamwambia sijapima.