Maziwa ya Pakiti Yasiyo ya Ng'ombe: Maswali Yenu kwa Dawati la Lishe

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Rafu za maduka ya Mombasa, Nyali hadi Mwembe Tayari, zimejaa pakiti za soya, lozi, oti na nazi, na kila pakiti imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya mimea. Sisi hutazama upande wa nyuma, kwenye herufi ndogo.

Maziwa ya ng'ombe hunijaza gesi na kunitia tumbo la kuendesha. Nimenunua ya lozi, lakini nyuma imeandikwa "lozi 2.5%". Je, nimelipia maji?
*Msomaji, Tudor*

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Asilimia 2.5 ya lita moja ni gramu 25 za lozi, yaani punje ishirini hivi. Protini yake ni kama nusu gramu katika mililita 100, hali ya ng'ombe yana gramu 3.3. Kikombe cha mililita 250 chakupa gramu moja na kitu mahali pa nane. Hayana madhara, na yasiyotiwa sukari yana kalori chache sana. Ila usiyahesabu kuwa chakula.

Kalsiamu iliyomo imetiwa kiwandani. Tafuta pakiti yenye miligramu 120 kwa mililita 100, ambacho ndicho kiwango cha maziwa ya ng'ombe. Mara nyingi ni unga wa kalsiamu kaboneti, jamii ya chokaa, na unga huo huzama. Tikisa pakiti kwa nguvu kila unapomimina, la sivyo kalsiamu uliyoilipia utaikuta chini siku ya kutupa pakiti.

Kabla ya kuhama ng'ombe kabisa, lijaribu tumbo lako. Dalili ulizozitaja mara nyingi ni za laktosi, sukari ya maziwa, ambayo watu wazima wengi hawaimeng'enyi vizuri kwa kuwa kimeng'enya chake hupungua baada ya utoto. Kwenye maziwa lala bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo, na huendelea na kazi wakiwa tumboni. Anza na nusu kikombe pamoja na chakula. Wengi huyavumilia. Lakini kama maziwa yanakutoa vipele, yanakuvimbisha midomo au yanakubana pumzi, hiyo ni mzio wa protini, na lala pia yatakudhuru. Muone daktari.

Mwanangu ana miezi kumi. Akinywa ya ng'ombe hutapika, basi nampa maziwa ya mchele ya pakiti. Bibi yake yuwasema ni sawa na uji mwepesi.
*Mama wa Likoni*

Mama, yaache leo, na umpeleke mtoto kliniki wiki hii achunguzwe kutapika kwake. Kwa heshima zote kwa bibi, uji wa wimbi una chakula kuliko pakiti hiyo. Maziwa ya mchele ni wanga, sukari na maji. Protini yake haifiki hata nusu gramu kwa mililita 100. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika kuhusu watoto wadogo wa wazazi wenye uwezo waliolazwa hospitali: mmoja alipata kwashakoo kwa kulelewa na maziwa ya mchele, mwingine matege kwa kinywaji cha soya kisichotiwa vitamini D. Isitoshe, mpunga hufyonza aseniki kutoka kwenye udongo na maji, na ndiyo maana Uingereza huwashauri wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka mitano vinywaji vya mchele.

Kabla ya mwaka mmoja, kinywaji kikuu ni ziwa la mama au maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Hata ya ng'ombe bado si kinywaji chake kikuu. Mkiambiwa hospitali ana mzio, atapewa kopo maalumu. Lipo pia kopo la soya la watoto, nalo si ndugu ya pakiti ya soya ya dukani, maana limepangwa virutubisho vyote, na hutolewa kwa ushauri wa daktari. Baada ya mwaka mmoja, soya isiyo na sukari iliyoongezwa kalsiamu na vitamini yaweza kuingia kwenye mlo. Lozi, mchele na nazi kama kinywaji kikuu, hapana.

Sisi watu wa pwani twala tui tangu zama. Kwa nini nisinywe kasimele nikaachana na pakiti?
*Mzee wa Mji wa Kale*

Mzee wetu, kasimele ni kiungo cha kupikia. Gramu 100 zina mafuta zaidi ya 20, karibu yote ya aina inayopandisha kolestroli mbaya, na protini kama gramu mbili. Kalsiamu haifiki miligramu 20. Ukinywa kikombe kizima, umekunywa zaidi ya gramu 50 za mafuta. Kwenye mbaazi za nazi tui hugawanywa kwa sahani nyingi na mbaazi zenyewe huleta protini, kwa hiyo hapo liache lilipo. Pakiti ya "kinywaji cha nazi" nayo ni kitu kingine tena: nazi kidogo, maji mengi, na gundi ya kuyashikanisha. Mafuta yamepungua, lakini protini haikuongezeka.

Natengeneza maziwa ya soya mwenyewe kwa blenda. Yananuka maharage mabichi, na mara moja nyumba nzima tulitapika ingawa niliyachemsha mpaka yakafurika. Nakosea wapi?
*Msomaji, Kisauni*

Kosa lako ni hilo neno "yakafurika". Soya ina vitu vya asili vinavyotoa povu, na povu hilo hupanda kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kabla ya kuchemka kwenyewe. Mpishi huona sufuria inamwagika, huzima moto, na maziwa hubaki mabichi. Soya mbichi ina vizuizi vya kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, na matokeo yake ni kichefuchefu, kutapika na kuhara ndani ya saa chache.

Fanya hivi. Pima gramu 200 za soya kavu, ondoa zilizovunjika na mawe, osha, loweka kwa saa nane. Kwa joto letu hili, loweka ndani ya friji, au badilisha maji mara mbili. Maji yakitoa vipovu na harufu ya uchachu, soya imeanza kuoza. Sugua maganda yaelee, uyamwage.

Harufu ya maharage hutokana na kimeng'enya kinachoamka punje inapovunjwa kwenye maji baridi. Kiue kwanza: tia soya iliyoloweka kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano, mwaga maji hayo, kisha saga kwa maji ya moto. Jumla ya maji ni lita moja na nusu. Saga kidogo kidogo, jagi lisizidi nusu, na kifuniko kiache tundu la mvuke, maana blenda iliyofungwa ikiwa na maji ya moto huruka kifuniko na kuunguza uso.

Chuja kwa kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili. Kifumbu cha tui kina matundu makubwa mno. Kamua sana. Machicha yake usiyatupe. Yatie kwenye bajia, ukikumbuka kwamba nayo ni mabichi na lazima yaive.

Sasa moto. Tumia sufuria ambayo maziwa yatafika nusu tu. Koroga ukikwangua chini, maana soya hushika na kuungua upesi. Povu likipanda, punguza moto, usizime. Endelea kukoroga mpaka povu lishuke na uone maziwa yenyewe yanatokota. *Hapo* ndipo uanze kuhesabu dakika 15. Tia chumvi kidogo na tende moja ukipenda.

Poza upesi kwa kuiweka sufuria kwenye beseni la maji ya barafu, kisha friji, siku tatu basi. Yakikaa nje zaidi ya saa mbili, au umeme ukikatika usiku kucha, yamwage hata kama hayanuki.

Ukifuata hivyo, protini itakaribia ya ng'ombe: gramu tatu na zaidi kwa mililita 100. Kalsiamu ndiyo hakuna, ni miligramu 20 hivi. Usijaribu kuongeza unga wa kalsiamu wa kienyeji, utayakatisha maziwa na hujui umetia kiasi gani. Itafute kwenye sukuma wiki, ufuta na wimbi. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye vitabu, lakini oksaleti yake huifunga na mwili hupata kidogo.

Soya hukatika kwenye chai yangu ya tangawizi. Yameharibika?
*Msomaji, Majengo*

La. Protini ya soya huganda ikikutana na tindikali na joto kwa pamoja, na chai kali ina tindikali. Kuna sababu nyingine watu hawaifikirii: maji ya kisima yenye chumvichumvi. Magnesiamu na kalsiamu zilizomo ndizo chumvi zilezile wanazotumia watengeneza tofu kugandisha soya. Pikia chai maji ya mvua au ya kununua uone tofauti. Chemsha majani na tangawizi peke yake, epua, ngoja dakika tatu. Pasha soya pembeni isichemke, kisha mimina chai ndani ya soya polepole. Ndimu, sahau. Oti hayakatiki hivyo, lakini ukiyachemsha muda mrefu huwa mazito kama kamasi, kwa sababu ya wanga wake.

Krimu ya unga ya chai, "isiyo ya maziwa", yafaa kwa asiyekula vya mnyama?
*Msomaji, Changamwe*

Soma viungo. Nyingi zina sodiamu kaseineti, ambayo ni protini iliyotolewa kwenye maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo asiyekula vya mnyama hapati alichokitaka, na mwenye mzio wa maziwa yumo hatarini. Kilichobaki ni sharubati ya glukosi na mafuta ya mawese au nazi yaliyogandishwa kiwandani. Ukiona imeandikwa yamegandishwa "kwa sehemu", rudisha rafuni, kwani hayo ndiyo yenye mafuta ya transi, yanayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula. Kwa maoni yetu, mkandaa mtupu, yaani chai isiyo na maziwa, ni bora kuliko kikombe hicho.

Chizi ya vegani, isiyo na cha mnyama, ina afya kuliko ya kawaida? Na hizo namba za E kwenye viungo, na neno "vilivyosindikwa kupita kiasi"?
*Wanachuo wawili, Bamburi*

Chizi nyingi za namna hiyo ni mafuta ya nazi yaliyoshikanishwa na wanga, chumvi, ladha na rangi. Chizi ya cheda ina protini gramu 25 hivi kwa gramu 100. Hii mara nyingi haifiki hata moja. Mafuta yanayoziba mishipa yaweza kulingana na ya cheda, au kuzidi. Kwa hiyo ni kiungo cha kutia ladha kwenye piza, na isihesabiwe kuwa mlo. Ya korosho iliyosagwa na kuchachushwa ni afadhali, na korosho twazo Kilifi na Kwale.

Kuhusu namba: E322 ni lesithini, ambayo mara nyingi hutoka kwenye soya au alizeti. E412 ni gundi ya mbegu za guwa. E407 ni karajinani, nayo hutokana na mwani, aina ileile wanayolima akina mama wa Kibuyuni, Kwale. Karajinani imebishaniwa miaka mingi. Mwaka 2014 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) waliikagua hata kwa maziwa ya kopo ya watoto na hawakuona tatizo kwa kiwango cha hadi miligramu 1,000 kwa lita. Hata hivyo, kama tumbo lako ni jepesi, zipo pakiti zisizo nayo.

Neno "vilivyosindikwa kupita kiasi" limetokana na NOVA, mpangilio wa vyakula kwa kadiri vilivyosindikwa, wa Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, 2009. Ni onyo zuri, ila huweka soda na soya iliyoongezwa kalsiamu kwenye kapu moja. Sisi twauliza kwanza: pakiti hii imekuja kuchukua nafasi ya nini, na imeleta alichokuwa nacho yule aliyeondoka?

Kwa ufupi, kwa waliouliza mistari miwili:

Mwenye kisukari anayekunywa oti: kiwandani vimeng'enya huvunja wanga wa oti kuwa maltosi. Pakiti yaweza kuandika "hakuna sukari iliyoongezwa" na bado kikombe kikawa na gramu nane au kumi, kama vijiko viwili vya chai, na huingia kwenye damu upesi. Chukua soya isiyo na sukari.

Wanaume wa Kongowea waliouliza kama soya hupunguza nguvu: tafiti zilizojumlishwa pamoja hazikuona homoni ya kiume ikishuka. Kunyweni.

Mwenye dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini: meza kwa maji matupu, na maziwa yoyote yenye kalsiamu yakae mbali nayo kwa saa nne.

Mgonjwa wa figo: maneno "fosfeti" kwenye viungo yakuhusu, maana ile ya kutiwa kiwandani hufyonzwa karibu yote. Nenda na pakiti yenyewe kwa mtaalamu wako wa lishe.

Binti wa miaka 22 aliyeacha vyote vya mnyama: vitamini B12 yako ni maikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina. Kama pakiti haikuongezwa, meza kidonge. Jambo la pili ni ayodini, ambayo wengi huipata kwenye maziwa bila kujua na pakiti nyingi za mimea hazina. Tumia chumvi yenye ayodini, iweke kwenye mkebe wenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, na uitie chunguni chakula kikikaribia kuiva.