Vijiti, tope na mchanga: zumaridi za Minecraft bila kushika sururu

Katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft, zumaridi ndizo pesa za kufanyia biashara na wanakijiji. Za kuchimba hutoka milimani tu, na hata huko huzipati kwa mafungu. Ukiwa na kijiji karibu, magogo, udongo na mchanga vitakuingizia nyingi zaidi, na kwa jasho dogo. Hesabu zote hapa ni za toleo la Java. Bedrock, toleo jingine la mchezo huo, hutofautiana hapa na pale.

Anza na fundi mishale, maana mtaji wake ni miti. Meza yake ya kazi ni mbao 4 na gumegume 2. Gumegume hupatikana kwa kuvunja changarawe, kama mara moja katika kila kumi. Weka meza karibu na mwanakijiji asiye na kazi. Mwenye kanzu ya kijani usihangaike naye, huyo hashiki kazi yoyote. Mwingine akishaishika, fungua orodha ya biashara zake kwanza: huanza na mbili tu, zilizochaguliwa kati ya tatu, hivyo kununua vijiti kunaweza kusiwepo. Kusipokuwepo, vunja meza, subiri apoteze kazi, kisha irudishe. Rudia mpaka itokee. Lakini usinunue wala kuuza kitu chochote kabla ya hapo, kwa sababu biashara moja tu inamfunga kwenye kazi hiyo na orodha hiyo moja kwa moja.

Fundi huyu hutoa zumaridi 1 kwa vijiti 32. Gogo 1 hutoa mbao 4, na mbao 2 hutoa vijiti 4, kwa hiyo gogo 1 ni vijiti 8 na magogo 4 ni zumaridi 1. Fungu la magogo 64 linakupa vijiti 512, yaani zumaridi 16. Na 16 ndiyo idadi ya mara anazokubali kununua vijiti kabla ya kufunga.

Hapo ndipo wengi wanapojikata wenyewe. Wanaona fungu moja linamaliza biashara yote, wanafurahi, wanauza zote 16. Wakirudi baada ya fundi kujaza upya (yaani kufungua tena biashara zilizofungwa), wanakuta anadai vijiti zaidi ya 50 kwa zumaridi ile ile. Si hitilafu ya gemu. Kila anapojaza upya, mchezo hulinganisha mara ulizouza na mara zilizobaki. Ukiuza zaidi ya nusu, bei inapanda. Ukiuza nusu au pungufu, haipandi, na kama ilikuwa imeshapanda, kuuza pungufu ya nusu kunaishusha. Kwa hiyo kikomo chako ni mara 8 kwa kila ujazo. Hiyo ni vijiti 256, magogo 32. Hujaza hadi mara mbili kwa siku ya mchezo, mradi aifikie meza yake. Ukimfungia kwenye kibanda, hakikisha meza iko ubavuni pake. Ukitaka zumaridi nyingi zaidi, ongeza mafundi, kila mmoja na meza yake. Kumkamua mmoja ni hasara.

Udongo una faida kubwa zaidi, ila unahitaji subira. Mwashi hununua madonge 10 ya udongo wa mfinyanzi kwa zumaridi 1, tena tangu ngazi ya kwanza. Mashine yake ya kukatia mawe ni kipande 1 cha chuma na mawe 3 yaliyochomwa (yale ya kuvunja kwa sururu ya kawaida hayafai mpaka yapite tanurini). Mfinyanzi wenyewe si lazima uutafute mtoni. Tangu toleo la 1.19 la mwaka 2022 unaweza kuutengeneza kwa udongo wa kawaida.

Jaza chupa maji, mwagia bloku ya udongo, inageuka tope. Chupa za maji hazipangiki pamoja, kila moja inakula nafasi yake kwenye mkoba, kwa hiyo tumia chupa moja: simama kando ya maji, jaza, mwaga, jaza tena. Kisha panga hivi kutoka juu kwenda chini: tope, chini yake bloku ngumu yoyote, na chini ya hiyo jiwe la ncha linaloning'inia, lile la mapango ya matone, ncha ikielekea chini. Tope hukauka taratibu na kuwa mfinyanzi. Kosa la kawaida ni kuliweka jiwe la ncha likigusa tope lenyewe. Bloku ya katikati ikikosekana hakuna kitakachotokea. Kosa la pili ni kuweka mtambo mbali. Ukiondoka eneo hilo, kila kitu kinasimama.

Bloku 1 ya mfinyanzi ikivunjwa hutoa madonge 4. Kwa biashara 8 unahitaji madonge 80, bloku 20 tu. Vunja kwa koleo la kawaida. Koleo lenye uchawi wa mguso laini litakupa bloku nzima, na bloku ukishaichukua hivyo haigawanyiki mpaka uiweke chini na kuivunja upya.

Mchanga nao unafaa, kwa mzunguko kidogo. Mchora ramani huanza kwa kununua karatasi 24 kwa zumaridi 1. Mara 5 za karatasi zinampandisha ngazi ya pili, na hapo anaweza kuanza kununua vioo vyembamba 11 kwa zumaridi 1. Mchanga 6 ukichomwa ni vioo 6, na vioo 6 hutoa vyembamba 16. Biashara hii ina nafasi 12, hivyo nusu yake ni 6.

Maboga yanauzika kwa mkulima wa ngazi ya pili, 6 kwa zumaridi. Tikiti ni 4, kwa mkulima wa ngazi ya tatu, lakini linavunjika vipande, na vipande 9 ndivyo vinavyorudi kuwa tikiti moja. Boga halina usumbufu huo. Na mkaa wa kuchoma magogo usimpelekee mfua deraya: anataka 15 wa kuchimbwa, huo mwingine haupokei kabisa.

Kumponya mwanakijiji aliyegeuka zombi, kwa dawa ya udhaifu ya kurusha na tufaha la dhahabu, kunakupa punguzo kwake. Anza na mwashi kabla ya fundi mishale: punguzo hutolewa kama idadi, si asilimia, na madonge machache yakitoka kwenye 10 yanaonekana kuliko vijiti vile vile vikitoka kwenye 32. Kumpiga kofi bahati mbaya kunafanya kinyume chake.

Zumaridi za kwanza zipeleke kwa mkutubi. Kitabu cha uchawi wa kujirekebisha huuzwa kati ya zumaridi 10 na 38, pamoja na kitabu kitupu 1. Vunja na kurudisha meza yake ya kusomea kama ulivyofanya kwa fundi mishale, na ukikiona chini ya 15, nunua hapo hapo umfunge.